Nishati haiumbwi wala haiharibiwi: je, ulimwengu ulivunja kanuni?

Aliyepita sekondari anaikumbuka: nishati haiumbwi wala haiharibiwi, hubadilika tu kutoka umbo moja kwenda jingine. Mwalimu huongeza mfano wa bwawa la umeme au jiko la mkaa, tunanakili, kengele inalia. Kasheshe huanza mtu anapoichomoa sentensi hiyo daftarini na kwenda nayo kwenye ubishi kuhusu asili ya ulimwengu.

Dhana: Nishati haiumbwi, kwa hiyo ulimwengu haukuwa na mwanzo. Wengine hutumia sentensi hiyohiyo kudai kwamba Mlipuko Mkuu (Big Bang), nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyoanza kutanuka, ni uongo.

Ukweli: Pande zote mbili zimesahau kwamba kanuni hii ina sharti. Mwaka 1918 mwanahisabati Mjerumani Emmy Noether alionyesha kuwa nishati huhifadhika pale tu ambapo kanuni zinazouendesha mfumo hazibadiliki kwa kupita kwa muda. (Wakati huo alifundisha Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, bila mshahara, kisa ni mwanamke, na mihadhara yake ikitangazwa kwa jina la mwanahisabati mwenzake, David Hilbert.) Dondosha jiwe leo, lidondoshe tena kesho kutoka kimo kilekile: mambo ni yaleyale, na hesabu ya nishati inafunga. Jikoni, kwenye injini, hata ndani ya Jua, kanuni iko palepale. Ulimwengu mzima ni habari nyingine, maana unatanuka. Anga la jana si anga la leo. Sharti la Noether halijatimia hapo.

Ushahidi unao juu ya kichwa chako sasa hivi. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao huko New Jersey ilikuwa ikinasa mvumo hafifu wa mawimbi ya maikrowevu, ukitoka kila upande wa mbingu. Ni mwanga mkongwe, ulioachiwa miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ukiwa na joto la takriban kelvini 3,000 (kipimo cha joto ambacho sifuri yake ni baridi kali kuliko zote). Leo joto la mwanga huo ni kelvini 2.7 tu. Mawimbi yake yamevutwa pamoja na anga lenyewe, na kila fotoni, yaani kila punje ya mwanga huo, imebaki na sehemu moja kati ya 1,100 hivi ya nishati yake ya awali. Iliyobaki imekwenda wapi? Wapo wanafizikia wanaosema imeingia kwenye mvutano (graviti), nguvu ileile inayoliangusha jiwe. Binafsi naona ni kulazimisha hesabu, kwa sababu nadharia ya Einstein haitoi njia moja inayokubaliwa na wote ya kujumlisha nishati ya mvutano ya ulimwengu mzima. Jibu nyoofu zaidi ni kwamba haijaenda popote, imepungua.

Dhana: Mlipuko Mkuu ni nadharia ya kitu kutokea pasipo kitu, kama bomu lililolipuka gizani.

Ukweli: Jina ndilo linalotupoteza. Nadharia inaanza kuhesabu ulimwengu ukiwa tayari umejaa nishati, moto na msongamano, miaka bilioni 13.8 iliyopita, kisha inaeleza ulivyotanuka na kupoa. Kilichotangulia haikisemi. Na kitovu cha mlipuko usikitafute, hakipo: ni anga lenyewe lililotanuka, kila mahali kwa pamoja.

Dhana: Imeshathibitishwa kuwa jumla ya nishati yote ya ulimwengu ni sifuri.

Ukweli: Ni wazo, tena zuri. Edward Tryon aliliandika katika jarida la Nature mwaka 1973: nishati ya mvutano huhesabiwa kuwa hasi, ya maada ni chanya, huenda zinafutana, na ulimwengu ungeweza kuchomoza kutoka kwenye utupu bila kudaiwa senti. Lakini anayetangaza kwamba jumla ni sifuri anatakiwa kwanza awe na jumla, na hapo tunarudi kwenye hesabu ileile ya mvutano ambayo wanafizikia hawajakubaliana jinsi ya kuifanya.