Ndugu yako amelazwa Zambia: mtafute kwa majina yake yote

Kazi yangu katika huduma ya jamii ya hospitali hapa Lubumbashi hunikutanisha mara kwa mara na familia ambazo mtu wao alivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, kisha simu yake ikanyamaza. Siku ya tatu dereva mwenzake anapita nyumbani na habari nusu: kamioni ilianguka, Joseph akabebwa na ambulansi, hospitali gani hajui. Familia inapiga simu Kitwe, inapiga Ndola, inataja jina, inaambiwa mtu huyo hayupo. Vilio vinaanza. Na kumbe mara nyingine mgonjwa yupo palepale.

Wengi hudhani hospitali ya ng'ambo inalazimika kuujulisha ubalozi wetu. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unamtaja aliyekamatwa: akiomba, konseli, yaani mwakilishi wa nchi yake huko, ajulishwe bila kuchelewa. Unamtaja na aliyefariki. Aliyelazwa tu, haumlazimishi mtu yeyote kumtangaza. Kwa hiyo msikae mkingoja simu. Watafutaji ni ninyi.

Kinachotupoteza zaidi ni jina. Sisi Wakongo tuna jina, postnomu (jina linalolifuata) na prenomu (mara nyingi jina la Kikristo). Zambia wanaandika jina la kwanza na la ukoo, basi. Tuseme ndugu yenu ni Ilunga Mwamba Joseph. Kwenye daftari la mapokezi anaweza kuwa Joseph Mwamba, na kwa kuwa akina Mwamba wapo hata kwa Wabemba, muuguzi atamchukulia kuwa mtu wa kwao. Anaweza kuwa Ilunga Mwamba bila Joseph, hasa kama alizaliwa miaka ya 1970 au 1980, baada ya Mobutu kukataza majina ya Kikristo mwaka 1972, kwani wengi wa umri huo prenomu yao haimo kwenye karatasi hata kama mtaa mzima unawaita hivyo. Pierre akitamkwa na mtu mwenye maumivu huandikwa jinsi sikio la muuguzi lilivyolipokea. Na aliyefika amezimia, bila karatasi, huandikwa kuwa mtu asiyejulikana, na tarehe aliyoletwa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kupiga simu, kaeni na daftari. Andikeni kila namna jina linavyoweza kupinduliwa. Kisha andikeni mwili: umri, urefu, kovu, jino lililotoka, nguo aliyoondoka nayo. Mama mmoja wa Katuba alikuja kwangu baada ya kumtafuta yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, kwa siku sita. Jina lilikuwa limekataa kila mahali. Nilipomuuliza mwili wa yaya yake una alama gani, alinyamaza, kisha akafunua mkono wake wa kushoto na kuniwekea kidole juu kidogo ya kiwiko: hapa, mafuta ya moto, tulipokuwa watoto. Tulipiga simu tena tukiuliza mwanaume asiyejulikana mwenye kovu la moto mkononi. Muuguzi alisema subirini, tukasikia kandambili zikienda na kurudi. Alikuwepo.

Fuateni barabara, msianze na mji mkubwa. Majeruhi hupelekwa kwanza hospitali ya karibu, akizidiwa ndipo anahamishwa. Kutoka Kasumbalesa ulizeni Chililabombwe, Chingola, Kitwe, halafu Ndola, na kila mahali ulizeni pia kama kuna aliyehamishwa na wapi. Polisi wa mahali pa ajali na mwenye kamioni mara nyingi wanajua kabla yenu. Mpeni simu anayejua Kiingereza au Kibemba. Kifaransa hakitawafikisha mbali. Msidai kuambiwa ugonjwa, hiyo ni siri ya mgonjwa na muuguzi atajifunga. Ulizeni tu kama yupo, yuko wodi gani, na saa za kumwona. Ulizeni na morge, chumba cha maiti. Najua neno hilo ni zito mdomoni, lakini kuliruka kumewachosha wengi kwa wiki nzima.

Konseli ya Kongo iliyoko Ndola na ubalozi wetu Lusaka wanaweza kusaidia, hasa ikiwa dereva amelazwa huku polisi wakimlinda. Konseli ya Zambia hapa Lubumbashi itawaeleza karatasi za kuvukia. Kama mtu alipotea katika vita, maafa au uhamiaji, Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu bila malipo.

Msiweke Facebook picha ya pasipoti yake wala namba zenu zote. Matapeli husoma pia, na atapiga mmoja akijiita mganga wa hospitali, anataka pesa za operesheni leo hii. Mwambieni mtampigia kupitia namba ya hospitali yenyewe, mliyoipata kwingine.

Mkimpata, chukueni kadi yake ya mpiga kura au pasipoti, na kabla ya kumkumbatia hadi mkasahau mengine, mwombeni muuguzi asahihishe jina kwenye faili, herufi kwa herufi. Mwenye kutoka na karatasi za Joseph Mwamba na picha za eksirei za mtu asiyejulikana atatusumbua sote hapa Lubumbashi: mganga atakayeendeleza matibabu, na mwajiri atakayeombwa kulipa.