Kujifunza gita Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Yaya, wapi hapa mjini wanafundisha gita?" Swali hilo naulizwa mara nyingi, na kabla sijajibu, mwenye kuuliza huwa ameshanieleza kwa nini anadhani haitawezekana kwake. Vidole vyake ni vifupi. Umri umempita. Hajui solfeji, yaani kusoma noti. Hana pesa ya gita nzuri. Maneno hayo nimeyasikia Kamalondo, nimeyasikia Katuba na Ruashi, na yananiuma, maana watu wanaacha kabla hata ya kugusa uzi wa kwanza.

"Gita ni ya Kinshasa. Huku kwetu hakuna wa kufundisha."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kweli Kinshasa na Brazzaville ndiko rumba ilikokulia, na mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu. Furaha hiyo ni yetu pia. Lakini Katanga, huku kwetu, ina gita yake, tena yenye kusema Kiswahili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimrekodi kijana mmoja Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Alipiga bila mediatori, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, kwa gumba na kidole cha shahada tu. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene likishika mwendo wa chini, kidole cha shahada kikaimba juu, na gita moja ikasikika kama mbili. Mwaka 1969 aliupigia umati wa Newport kule Marekani. Ndugu yake Edouard Masengo aliufikisha mtindo huo Nairobi, na Losta Abelo akauendeleza hapa. Ukimsikia mzee wa hapa akipiga kwa vidole viwili, sikiliza vizuri: hicho ndicho chuo chetu, na hakijafungwa.

Basi walimu wako wapi? Wapo, ila wengi hawana kibao mlangoni. Mpiga gita wa korali anafundisha vijana wawili watatu jioni kwenye ua wa nyumba yake. Mpiga solo wa orkestra anapokea mwanafunzi siku ambazo hana kazi. Fundi anayetengeneza gita na vikuza sauti anawajua wote, na anajua nani ana subira na nani hana. Huyo fundi ndiye ningemwendea kwanza. Baada yake, makanisa: Jumapili, ibada ikiisha, usikimbilie nyumbani. Subiri wapigaji wamalize kukunja nyaya, uwasalimie, uulize. Mtu ametoka kupiga saa mbili au tatu mfululizo, umekwisha kusikia mkono wake, hana haja ya kujisifu kwako. Nenda pia kwenye tamasha za Halle de l'Étoile au popote wanapopiga watu wa hapa, uulize nani alimfundisha yule uliyempenda. Mara nyingi mwalimu wa mtu ni jirani wa mtu mwingine.

"Lazima ninunue gita kwanza, tena ya umeme."

Hapana. Mwendee mwalimu kwanza, ununue baadaye, ikiwezekana uende naye sokoni. Masomo ya mwanzo unaweza kutumia ya kwake. Gita ya umeme inataka kikuza sauti, na kikuza sauti kinataka umeme wa SNEL. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, wakati ndiyo umetoka kazini, utafanya nini? Gita ya mbao haiulizi.

Gita ya bei ndogo si mbaya kwa sababu ya bei. Ubaya wake mkubwa huwa ni nyuzi zilizokaa juu mno ya shingo. Bonyeza karibu na mwili wa gita: kama unalazimika kusukuma uzi kwa nguvu zako zote, utateseka bure na utadhani tatizo ni wewe. Fundi anaweza kushusha nyuzi hizo kwa kazi ndogo.

Na jambo hili nawaomba sana mlishike. Gita iliyotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usiivalishe nyuzi za chuma, hata kama muuzaji anasema ni sawa. Nyuzi sita za nailoni zinavuta kwa takriban kilo 40 zote pamoja. Za chuma zinafika kilo 70 na kupita. Mbao haikutengenezwa kwa mzigo huo: daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa gita, linang'oka, tumbo la gita linavimba, shingo inapinda. Nimeona gita nzuri zikifa hivyo. Kwa anayeanza, nailoni ni laini kwa vidole, na kwa mtindo wa Katanga wa kupiga kwa vidole inafaa kabisa. Jua pia hali ya hewa yetu. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi inakauka, na mbao nayo inakauka mpaka inapasuka. Usiiegemeze gita ukutani mahali jua linapoingia. Iweke kwenye mfuko wake.

"Miezi mitatu nitakuwa napiga sebene."

Sebene ni ile sehemu ya wimbo ya kuchezwa, gita zinapotawala. Kuna walimu wanaoahidi hivyo, na ni makosa kuahidi. Afadhali nikuambie kinachotokea kweli.

Siku ya kwanza utajua nyuzi kwa majina: kutoka nene hadi nyembamba, mi, la, re, sol, si, mi. Mwalimu mwema atakufundisha siku hiyohiyo, au ya pili, kuzilinganisha kwa sikio. Unabonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye nafasi ya tano (nafasi ni zile zilizo kati ya vyuma vya shingo), unapata sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi. Unaendelea hivyo hadi chini, isipokuwa uzi wa tatu, ambao unabonyezwa nafasi ya nne ili kupata si. Zipo programu za simu za kukusaidia, za bure, na zitumie. Lakini sikio linalozoea kusikia uzi uliolegea litakufaa hadi uzeeni.

Wiki mbili au tatu za kwanza ncha za vidole zinauma. Ni kawaida. Ngozi inakomaa, inaota sugu ndogo, maumivu yanaondoka. Kinachouma kwenye kifundo cha mkono au kupanda kwenye mkono wote si kawaida: hapo acha, umwambie mwalimu aangalie unavyokaa.

Halafu zinakuja akodi, sauti kadhaa zinazobonyezwa na kupigwa kwa pamoja. Kubonyeza akodi moja si kazi. Kazi ni kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila mkono wa kulia kusimama. Hapo ndipo mwezi wa kwanza na wa pili huishia, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hawaendelei. Wanaendelea. Kwa Sol, Do na Re peke yake tayari unasindikiza nyimbo nyingi za kanisani. Fa itakuja baadaye, ile inayotaka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote. Ikikushinda mwezi mzima usiogope, imewashinda wote kabla yako.

Sebene je? Katika orkestra yetu gita zinagawana kazi: solo inaimba juu, mi-solo inasuka katikati, akompa inashika mwendo, besi inabeba wote. Kijana anataka kuanzia solo, kwa sababu ndiyo inayosikika. Mwalimu mzuri atakuweka kwenye akompa miezi mingi, na atafanya vizuri. Solo nzuri inacheza juu ya mwendo ambao mpigaji ameubeba mwilini. Bila huo ni mbio za vidole tu. Mimi ningesema: baada ya miezi mitatu ya kazi ya kila siku, utasindikiza nyimbo kadhaa rahisi bila kukwama. Baada ya mwaka, utaweza kukaa na wengine na kupiga bila kuwapoteza. Na kila siku ni kila siku kweli. Dakika 20 kila jioni zinajenga kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa kuwa vidole vinasahau haraka.

"Bila solfeji si muziki." "Solfeji haina kazi."

Nazisikia zote mbili, pengine katika nyumba moja. Wapigaji wengi wakubwa wa Kongo walijifunza kwa sikio na kwa kuangalia mkono wa mwenzao. Franco Luambo alianzia kwenye gita ya kujitengenezea, akafundishwa na Paul Ebengo Dewayon. Mwenda naye alipiga kwanza: ni mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo mtaalamu David Rycroft alipokaa akaziandika nyimbo za Mwenda kwa noti. Kwa hiyo anza bila solfeji, usione aibu. Lakini kama korali yako inaimba kwa karatasi, au unataka kuandika nyimbo zako zisipotee, jifunze kidogokidogo.

Kuna jambo moja ambalo hakuna anayewaambia wanaojifunza kwa video. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, tunasema do, re, mi. Video nyingi zinatumia herufi. A ni la, B ni si, C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol. Andika kwenye karatasi, ubandike ndani ya mfuko wa gita. Nimekutana na vijana waliotumia mega zao zote za intaneti wakidhani C ni sauti ya tatu ya ngazi, na kila kitu kikawa kinyume.

Video zenyewe zinafaa kwa kurudia kitu ulichoonyeshwa. Kasoro yake ni kwamba hazikuoni. Hazioni gumba lako likichungulia juu ya shingo ya gita wala bega lako likipanda.

"Vidole vyangu, umri wangu, mkono wangu wa kushoto."

Kwa ufupi. Django Reinhardt, mpiga gita mashuhuri wa jazi huko Ulaya, aliungua mkono mwaka 1928, akabaki anapiga solo zake kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, na dunia bado inamsikiliza. Mtu wa miaka 50 anajifunza polepole kuliko mtoto lakini ana subira, na subira ni nusu ya kazi. Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kuanza na gita ndogo. Anayetumia mkono wa kushoto ana njia mbili: ajifunze kama wengine, au ageuze nyuzi, na hapo fundi anapaswa kubadilisha kile kipande chenye mifereji kinachoshika nyuzi juu ya shingo.

"Gita ni ya walevi." Na lingine: "Gita si ya wasichana."

Mama wa kijana aliwahi kuniambia hilo la kwanza huku amesimama mlangoni mwa kanisa ambamo mwanawe angepiga dakika kumi baadaye. Chombo hakimpeleki mtu baa. La pili linanisikitisha zaidi. Hakuna kitu kwenye shingo ya gita kinachochagua mkono wa mwanamume. Kama unamtafutia binti yako mwalimu, afundishwe mahali wazi, mkubwa wa nyumbani akiwepo, na mwalimu anayekataa sharti hilo achwe.

"Anayepiga vizuri anafundisha vizuri."

Mwalimu wangu wa kwanza alipiga hadi watu wakasimama barabarani. Kila nilipouliza kidole gani kinakwenda wapi, alirudia kwa kasi ileile na kusema, "Angalia." Niliangalia mwaka mzima. Wa pili alikuwa mpigaji wa kawaida tu wa korali, lakini alikaa mbele yangu, akapiga polepole, akashika kidole changu akakisogeza kwa upana wa punje ya mchele, na sauti iliyokuwa ikikoroma ikasafika. Nilikaribia kulia.

Kwa hiyo kabla hujalipa, omba kukaa kwenye somo la mwanafunzi mwingine. Mwombe apige kitu kilekile polepole sana. Mweleze muziki unaoupenda, uone kama anaujali au anaudharau. Mpatane mapema: kwa somo au kwa mwezi, kwa franka au kwa dola, na siku asipokuja inalipwaje. Lipa mwezi mmoja, usilipe mwaka. Somo la saa moja, mara moja au mbili kwa wiki, linatosha.

Saa hiyo ya kwanza ikiisha, muulize nyumbani ukafanye nini hadi mtakapoonana tena. Anayejua kazi yake atakutajia kitu kimoja au viwili: hama kutoka Sol kwenda Do, mara 50 kila jioni, bila haraka, ukihesabu kwa mguu. Wiki inayofuata, kabla ya jambo lolote, ataomba kukisikia.