Breki ya kigurudumu haizuii mashine kusogea

Nimechoka kuitwa kurekebisha misumeno ya meza isiyo na ugonjwa wowote. Juzi tena, karakana moja ya Keko: msumeno "unakata kona". Fensi, ule ukingo unaoongoza ubao, imenyooka, shafti haichezi, bleidi ni mpya. Nikamwambia kijana asukume ubao wa mninga kama kawaida yake, mimi nikainama kuangalia chini. Kila meno yalipouma mbao, mashine nzima ilijipinda kuelekea kushoto.

"Lakini fundi, breki zote nne nimezikanyaga."

Kweli alikuwa amezikanyaga. Hapo ndipo imani yenyewe ilipo, na nimekutana nayo kwa maseremala wazoefu kama kwa wanafunzi: ukinunua vigurudumu vinne vyenye breki, ukavifunga chini ya mashine, basi ukikanyaga imesimama. Haijasimama.

Kigurudumu kinachogeuka kina mizunguko miwili. Tairi linazunguka kwenye ekseli yake. Uma ulioshika tairi nao unazunguka kwenye gololi zilizo chini ya bamba, kile chuma bapa kinachofungwa kwenye mashine. Breki nyingi za dukani zinakandamiza tairi peke yake, uma unabaki huru. Tena tairi halikai chini kabisa ya kitovu cha bamba. Limewekwa nyuma kidogo, na kukaa nyuma huko ndiko kunakolifanya lifuate unakosukuma. Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 100, umbali huo ni kama milimita 35 hadi 40. Sasa fikiria tairi limeng'ang'ania sakafu: uma unalizunguka, na kona ya mashine inasafiri kwenye duara hilo, karibu sentimita 7 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Vinne vikielekea upande mmoja, mashine yote inahama bila tairi hata moja kubingirika.

Na hili si suala la mkato mbaya tu. Mashine ikigeuka katikati ya mkato, mikono yako haikugeuka, wala stendi inayopokea ubao upande wa pili. Ubao unabanwa kati ya fensi na meno ya nyuma, kisha unarushwa kukurudia tumboni. Ndiyo maana nakasirika.

Zipo breki zinazoshika tairi na uma kwa pamoja. Kuzitambua ni rahisi, usimuulize muuzaji: kanyaga breki pale pale kaunta, shika bamba kwa mkono mmoja, zungusha uma kwa mkono wa pili. Uma ukizunguka, mrudishie. Hizo nzuri nazifunga kwenye benchi la kupakia gundi, kwenye kabati la zana, kwenye stendi ya grenda. Kwa msumeno na randa bado hazinitoshi, kwa sababu gololi zina mchezo wake na raba ya tairi inabonyea. Mchezo mdogo chini unakuwa mkubwa juu ya meza.

Mashine ifanye kazi ikiwa kwenye miguu yake. Vigurudumu ni vya kuihamisha, basi. Kwa mashine ndogo, ya kilo 80 kushuka chini, funga viwili visivyogeuka upande wa nyuma, vikae milimita 2 au 3 juu ya sakafu. Ukiinua upande wa mbele kwa mpini vinagusa na unaondoka nayo kama toroli. Ukishusha, umerudi kwenye miguu. Kwa mashine nzito, chomelea nati za M16 kwenye kona za fremu, pitisha bolti ndefu zenye bamba chini, uzikaze kwa spana mpaka matairi yaelee. Wengine wanatumia kanyagio lenye bawaba linaloshusha matairi yote kwa mguu mmoja. Ni zuri likitengenezwa kwa chuma kinene. Chembamba kinapinda na siku moja mashine inadondoka upande.

Uzito. Mashine ya kilo 300 gawa kwa 3, usigawe kwa 4. Fremu ngumu kwenye zege lililosawazishwa kwa mkono hukalia kona tatu, ya nne inagusa tu. Kwa hiyo kila kigurudumu kibebe kilo 100 kwenda juu. Namba iliyochapwa kwenye vigurudumu visivyo na jina la kiwanda naikata nusu. Sina hesabu ya kuitetea hiyo nusu, ni tahadhari ya mtu aliyeona uma wa "kilo 150" umekunjika.

Ukubwa: chini ya milimita 75 ni vya makochi. Chukua 100, au 125 kama unatoa mashine uani asubuhi na kuirudisha ndani jioni. Ila usivifunge chini ya fremu. Kigurudumu cha 100 pamoja na uma wake ni kama sentimita 13 kwenda juu, na meza iliyokuwa sentimita 85 inapanda hadi karibu sentimita 98. Chomelea mikono ya chuma nje ya fremu, vikae pembeni. Mashine inabaki chini na inakuwa ngumu zaidi kupinduka.

Aina ya tairi ndipo ninapobaki na shaka. Nailoni ni ngumu, inabeba bila kubonyea, lakini ina kelele na inakwama kwenye kokoto. Raba ni tulivu, ila mashine ikikaa miezi mahali pamoja tairi linapata bapa. Poliyurethani yenye kiini cha chuma ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Hata hivyo nimeona poliyurethani ikimeguka yenyewe kwenye joto na unyevu wa Dar, nyingine ikiwa bado rafuni, na jirani yake ya rangi ile ile ikadumu. Kwa macho siwezi kukutofautishia. Nabonyeza kwa ukucha, ikinata, naacha.

Vinne vinavyogeuka, au viwili vinavyogeuka na viwili visivyogeuka? Nimebadili mawazo zaidi ya mara moja. Chumba chembamba kinataka vinne, maana unaweza kwenda ubavu. Sakafu yenye mteremko inataka viwili visivyogeuka, la sivyo mashine nzito inajichagulia njia.

Vyenye msumari mmoja wa nyuzi visifungwe kwenye mashine, vinapinda shingoni. Nunua vya bamba, bolti nne za M10 na washa za springi. Kaza tena baada ya wiki ya kwanza. Na kabla ya kutia grisi, puliza gololi kwa kompresa, kwa sababu vumbi la mbao likichanganyika na grisi linaganda na uma unakataa kugeuka.