Mkojo wa damu si lazima uwe kichocho

Alikuja na chupa ya soda aliyoizungushia gazeti. Dereva wa boda hapa Kampala, miaka 38. "Dokta, tazama mwenyewe." Ndani mlikuwa na mkojo mwekundu uliokolea kama chai ya rangi. Siku mbili kabla alikuwa amebeba abiria mzito, akaingia shimo, ubavu wa kushoto ukamchoma. Duka la dawa likampa dawa ya kichocho na diklofenaki ya kutuliza maumivu.

Kichocho nawaelewa. Ila kile cha Ziwa Victoria na Ziwa Albert ni cha utumbo. Cha kibofu, kinachotia damu kwenye mkojo, hapa Uganda kiko hasa upande wa Lango, karibu na Ziwa Kyoga, na huyu hajawahi kufika huko. Ultrasaundi ilionyesha figo za sentimita 18 kila moja, badala ya 10 hadi 12, zimejaa vifuko vya maji kama fenesi lililopasuliwa: ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vingi (polycystic kidney).

Ukuta wa kifuko una vijishipa dhaifu. Kimoja kikipasuka, damu hubaki humo humo na mtu akaumwa ubavu tu, au hupenya mpaka kwenye mkojo. Mara nyingi hukoma yenyewe ndani ya wiki moja: apumzike, anywe maji, ameze parasetamo. Mabonge yakiziba mkojo, au akipata kizunguzungu, alazwe.

Kilichonikera ni ile diklofenaki. Hupunguza damu inayofika kwenye figo ambazo zimeshaelemewa, tena hudhoofisha kuganda kwa damu. Na inauzwa kama peremende!

Homa ikiungana na maumivu ya ubavu, huenda kifuko kimeingiwa na bakteria. Hapo vidonge vya siku 5 havitoshi. Antibiotiki nyingi hazipenyi ule ukuta. Siprofloksasini hupenya, na tiba huchukua wiki kadhaa. Kichwa kikiuma ghafla na vikali kuliko siku zote, usingoje asubuhi: wagonjwa hawa hupata mara nyingi kuliko watu wengine uvimbe wa mishipa ya ubongoni, nayo huweza kupasuka.

Presha ya dereva wangu ilikuwa 165 kwa 105. Hakuna aliyewahi kumpima.

"Baba alikufa na nini?"

"Presha, Dokta. Na tumbo lilikuwa limejaa pande zote mbili."

Kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuurithi. Mdogo wake dereva alikuwa nje kwenye benchi, ameshamwahidi kaka yake figo moja iwapo zake zitaharibika, maana tangu Desemba 2023 upandikizaji umeanza Hospitali ya Mulago hapa Kampala. Nikamwita aingie, naye apande kitandani nimpime.