Nanosekunde moja ni sentimita 30: kuishi na moduli za UWB

Moduli zangu mbili za kwanza za UWB, yaani redio za bendi pana sana zinazopima umbali kati yao kwa muda wa safari ya wimbi, zilinitoa jasho siku mbili nzima. Nilizitenga mita tatu ndani ya chumba, na skrini ikawa inatoa namba nzuri tu: 3.12, 3.09, 3.14. Halafu ghafla inadai zimeachana mamilioni ya kilomita, kisha inarudi 3.11 kama vile haijasema kitu. Nilibadilisha nyaya. Nikabadilisha chanzo cha umeme. Nikailaumu antena. Mwishowe nilikaa na saa ya mkononi nikihesabu, na nikaona kichaa hicho kinarudi kila baada ya sekunde 17 hivi.

Jibu lilikuwa kwenye kihesabio cha ndani ya chipu. DW1000, chipu iliyobebwa na moduli za DWM1000, huandika muda kwa biti 40, na kila hatua moja ni pikosekunde 15.65. Ukizidisha utaona kihesabio kinajaa kwa sekunde 17.2, kisha kinaanza tena sifuri. Ujumbe wangu ukitoka kabla ya sifuri na jibu likafika baada yake, nilikuwa natoa namba kubwa kutoka kwenye ndogo. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu: kata matokeo yabaki biti 40. Siku mbili kwa mstari mmoja!

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi wanaoniandikia hufikiri wamenunua kipima umbali. Wamenunua saa, tena saa kali mno. Wimbi la redio husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo anayetaka usahihi wa sentimita 10 anataka kujua wimbi lilifika lini kwa kosa lisilozidi theluthi moja ya nanosekunde. Ukiliweka hilo kichwani, vituko vingi vya vifaa hivi vinajieleza vyenyewe.

Kwanza, upana wa bendi. Wimbi la Wi-Fi la megahezi 20 haliwezi kuwa kali zaidi ya nanosekunde 50 hivi, yaani mita 15 za safari. Ndani ya chumba, mwangwi wa ukutani, wa darini na wa kabati la chuma hufika wote ndani ya muda huo na kuchanganyika na wimbi halisi, na ukishachanganya huwezi kuchambua. UWB hutumia angalau megahezi 500, hivyo mpigo wake ni wa nanosekunde mbili tu. Mwangwi unafika umejitenga nyuma, na chipu inashika ukingo wa mbele wa mpigo wa kwanza na kuupuuza msururu unaofuata. Marekani ilifungua masafa ya gigahezi 3.1 hadi 10.6 kwa kazi hii mwaka 2002, kwa sharti la nguvu ndogo ajabu: desibeli -41.3 za miliwati kwa kila megahezi. Kwa megahezi 500 hiyo ni kama mikrowati 37. Ndiyo maana usitegemee miujiza nyuma ya kuta nene.

Pili, saa mbili hazikubaliani. Njia rahisi ya kupima ni A amwite B, B ajibu, A atoe muda ambao B alikaa nao, kisha agawe kwa mbili. Shida ni kwamba kristali ya B, kile kipande kinachoendesha saa yake, haiendi sawa na ya A. Tuseme zinatofautiana sehemu 20 kwa milioni, jambo la kawaida kwa kristali za bei rahisi, na B anachukua milisekunde moja kujibu. Kosa ni nanosekunde 20, nusu yake 10, na tayari umepotea mita tatu. Hapo ndipo pa kuongeza ujumbe wa tatu: A amjibu tena B, ili kila upande uwe na mzunguko wake, yaani muda wa kwenda na kurudi. Zidisha mizunguko miwili, toa zao la vipindi viwili vya kungoja, gawa kwa jumla ya vyote vinne, na karibu kosa lote la saa linafutika. Mfano wa programu ukiwa na ujumbe mbili tu na hausemi popote jinsi unavyosahihisha mwendo wa saa, uache.

Tatu, na hapa ndipo watu wanaporuka: ucheleweshaji wa antena. Chipu huandika muda wake ndani, wakati wimbi lina safari ya kupita kwenye saketi hadi antena. Kwenye mifano ya DW1000 thamani ya kuanzia ni hatua 16436, karibu nanosekunde 257 kwa kutuma na nyingine kama hizo kwa kupokea. Ukiiacha sifuri kwenye moduli zote mbili, utaongezewa mita 154 zisizokuwepo. Hilo utaliona mara moja. Hatari ni ile tofauti ndogo kati ya moduli na moduli, sentimita kumi au ishirini, ambayo haijifichui. Mimi hufunga moduli mbili juu ya vijiti vya mbao, kimo cha kifua, uwanja mtupu, na kuvuta tepu ya kupimia mita tano kutoka antena hadi antena. Nachukua vipimo elfu moja, napata wastani, narekebisha, narudia kwa mita nane. Usizishike mkononi, na usiziweke juu ya meza ya chuma.

Kuhusu nanga, yaani moduli zisizosogea ambazo tagi, moduli inayobebwa na mtu au kitu, hupimiwa kwazo, nitasema machache. Nanga tatu zilizokaa kwenye mstari mmoja zitakupa mahali pawili, pa kweli na pa kivuli, na hakuna hesabu itakayokuchagulia. Zikiwa zote darini kwa kimo kimoja, kimo cha tagi kitayumba hata kama ramani ya sakafu imetulia. Na ukinunua leo, chukua familia ya DW3000, chipu zilizokuja baada ya DW1000: ina chaneli ya 9, karibu gigahezi 8, mbali na Wi-Fi mpya ambazo zimehamia hadi gigahezi 7.1 na kuikalia chaneli ya 5 ya UWB, iliyo karibu gigahezi 6.5.

Sasa mwili wa mtu. Kwenye ghala moja, tagi zilivaliwa kwenye mkanda wa kiuno. Mfanyakazi akiielekea nanga, umbali uko sawa. Akigeuka, papo hapo anakuwa mbali kwa sentimita 40 zaidi, na kwenye ramani anaonekana amepita ndani ya rafu. Mwili umejaa maji, na maji humeza masafa haya. Kilichofika kwenye nanga ni wimbi lililozunguka au lililogonga rafu kwanza. Angalia pia upande wa kosa: likizibwa, wimbi hurefusha njia, halifupishi. Kwa hiyo nanga nne zikigombana, mimi huiamini zaidi ile inayosema karibu, na wastani wa kawaida siutumii.

Chipu yenyewe hutoa dokezo. DW1000 hukupa nguvu ya jumla iliyopokewa na nguvu ya njia ya kwanza. Tofauti ikiwa chini ya desibeli 6, kwa kawaida mnaonana. Ikizidi 10, kuna kitu katikati. Nilitumia tofauti hiyo kupunguza uzito wa vipimo vya kushuku, na ramani ikatulia kiasi. Ila kilichomaliza kesi ya ghalani hakikuwa programu. Tulizitoa tagi kiunoni, tukazifunga juu ya helmeti.