Mwanajeshi Anayeshindana Kutembea Hapigi Kwata

Pale vijiweni Dodoma, ukitaja mwanajeshi anayeshindana kutembea, wengi watacheka: "Si kwata tu hiyo? Mjeshi anatembea kila siku!"

Hapana. Kwata huweza kukunja goti na kupiga mguu chini. Kwenye mashindano ya kutembea, mguu wa mbele ukigusa ardhi goti lazima liwe limenyooka, na libaki hivyo mpaka mwili upite juu yake. Wala miguu yote miwili isionekane iko hewani kwa macho ya mwamuzi. Kadi nyekundu tatu za waamuzi tofauti huweza kukutoa ukiwa unaongoza. Ndiyo maana nyonga huzunguka vile, jambo linalowachekesha watu bila sababu.

Kasi je? Mwaka 2015 Mjapani Yusuke Suzuki alitembea kilomita 20 kwa saa 1:16:36, sawa na dakika 3 na sekunde 50 kwa kilomita. Wengi wanaokimbia asubuhi pale uwanja wa Jamhuri hawaifikii hata wakitoka mbio.

Jeshi linachompa mwanamichezo ni mshahara, kocha na muda wa mazoezi. Hirooki Arai, wa jeshi la kujihami la Japani, alipata shaba ya kutembea kilomita 50 kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Aliondolewa kwanza, rufaa ikamrudishia. Kwetu, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa JWTZ, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025. Kwata haikumsaidia kukimbia hata hatua moja.