ESTA, ETA, ETIAS: tunavyodanganyana kuhusu vibali vya kusafiri bila viza

Likizo zikikaribia magrupu ya familia yanajaa voisinoti, huyu kasikia Uingereza viza imefutwa, yule kaambiwa Ulaya kote sasa hivi unalipia onlaini, na kila mtu ana shemeji yake anayejua zaidi. Kwanza majina: ESTA ni kibali cha onlaini cha Marekani, ETA ni cha Uingereza (Kanada na Kenya wanaandika eTA), na ETIAS ni cha Ulaya, vyote kwa wasiohitaji viza. Basi tuzichambue moja moja.

"Uingereza siku hizi hakuna viza, unajaza ETA kwenye simu unaondoka." Hii ndiyo mama yao na ndiyo inayokula hela za watu. Ni kweli ETA ipo, ilianza na Waqatari Novemba 2023, Januari 2025 wakaingia Wamarekani, Wakanada na Waaustralia, Aprili 2025 Wazungu wa Ulaya, bei ilianza pauni 10, Aprili hiyo hiyo ya 2025 ikapanda hadi 16. Lakini jamani, hiyo ni kwa ajili ya watu ambao TANGU ZAMANI walikuwa hawahitaji viza! Yaani haijamfungulia mtu mlango mpya, imewaongezea fomu wale waliokuwa wanapita bure. Ukiwa na pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo bado ni viza, na makaratasi yake yale yale unayoyajua. Kwa upande wetu huu Mshelisheli na Mmorisi ndio wanajaza ETA. Marekani ndiyo kabisa, nchi zinazotumia ESTA ni arobaini na kidogo na hakuna hata moja ya Afrika.

"Mimi naishi nje kwa hiyo nahesabiwa kama wao." Hapa ndipo panapochanganya kweli, kwa sababu jibu ni hapana, halafu mara chache ni ndiyo. Kibali kinaangalia pasi, hakiangalii unapolala. Chukua ndugu wawili pale Muscat, mmoja ana pasi ya Oman, mwingine ana pasi ya Tanzania na kibali cha kuishi Oman, wote wanataka kwenda London harusini. Wa kwanza anajaza ETA, wa pili anaomba viza, hata kama wamekaa Muscat nyumba moja miaka yote. Na kwa Waomani hii ETA imewapunguzia gharama, zamani walikuwa na kitu kingine cha onlaini cha pauni 30 kwa KILA safari, hii ya sasa inadumu miaka miwili unaingia na kutoka.

Sasa ile "mara chache ni ndiyo". Mkenya au Mtanzania mwenye green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) ya Marekani akienda Kanada hahitaji viza wala eTA yao, anaonyesha pasi yake iliyo hai na kadi yake basi. Ila green card tu jamani, siyo viza ya kutembelea wala ya shule. Kuna nchi chache ambazo mwenye viza hai ya Marekani anaruhusiwa kuomba eTA ya Kanada akisafiri kwa ndege, Shelisheli na Moroko zimo, sisi hatumo. Na aliye na ukaazi wa Uingereza kwa pasi yoyote ile hahitaji ETA kurudi nyumbani kwake, ila ukaazi huo haumpeleki Paris, huko mwenye pasi kama zetu atatafuta viza ya Schengen (ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) kama sisi wengine.

Wenye uraia pacha nao wanajisahau. Raia wa Uingereza HAWEZI kupewa ETA, na tangu 25 Februari 2026 Uingereza imebana kweli kweli, huna ruhusa hupandi ndege. Kwa hiyo Mkenya aliyechukua uraia wa Uingereza, ile pasi nyekundu au ya bluu kaiacha iishe muda kwenye droo akawa anasafiri na ya Kenya, anatakiwa airenyu au alipie hati ya kuthibitisha haki yake ya kuingia Uingereza akiwa na pasi ya Kenya, ambayo bei yake ni mamia ya pauni. Airenyu tu.

"Ukishapata umeshaingia." Aa wapi. Kibali kinakufikisha mlangoni, afisa wa mpakani ndiye anayeamua na anaweza kukuuliza unakwenda kwa nani, una hela gani, unarudi lini. Lakini usichukulie hii kama sababu ya kudharau kibali, maana kabla hujamwona huyo afisa kuna kaunta ya kuchekini, na shirika la ndege linaingiza namba ya pasi yako kwenye mfumo, mfumo ukisema huna basi umebaki na mabegi yako. Wao wakikupakia bila ruhusa wanapigwa faini, kwa hiyo usitegemee huruma wala usiwagombeze wale vijana wa kaunta.

Kuhusu muda, ESTA miaka miwili, ya Uingereza miwili, Kanada mitano, lakini ZOTE zinakufa pasi ikifa. Umepata pasi mpya, omba upya, hata kama ile ya zamani ilikuwa imebakiza mwaka. Na hakikisha namba ya pasi, kuna watu wanaandika herufi O badala ya sifuri, wanakubaliwa vizuri tu, halafu siku ya safari mfumo hauwatambui.

Watoto: wanahitaji, hata kichanga. Uingereza mtoto analipa sawa na baba yake.

"Mimi napita tu transiti." Inategemea unapita wapi. Marekani hakuna kupita bila kuingia, ukishuka pale hata kama unaelekea Meksiko unapitia uhamiaji, kwa hiyo ESTA au viza lazima. Kanada kwa ndege, hata transiti unahitaji eTA (kwa gari kutoka Marekani huhitaji, ndiyo walivyoamua). Heathrow na Manchester ukibadilisha ndege bila kupita uhamiaji hudaiwi ETA, lakini ukiwa na tiketi mbili tofauti ukalazimika kutoka kuchukua mabegi uchekini upya, hapo umeshaingia Uingereza.

Sasa hii wachache wanaijua na inawauma hasa wenzetu wenye pasi za Ulaya. Watu wanadhani ukiwa na pasi ya Uingereza au Sweden ESTA ni haki yako. Siyo. Kama umekanyaga Somalia, Yemen, Libya, Iraq, Iran, Syria au Sudan tangu 1 Machi 2011, ESTA hupati isipokuwa uwe mmoja wa wachache waliosamehewa, kama waliotumwa na serikali zao. Fikiria Msomali wa London aliyekwenda Mogadishu kumzika mama yake, huyo anakwenda ubalozini kuomba viza kama mimi na wewe. Kuba nayo imo, kuanzia 12 Januari 2021, kwa hiyo yule aliyekwenda kuogelea wiki moja Havana naye kashajifungia. Mimi naona ni ukali uliopitiliza, lakini maoni yangu hayabadilishi fomu.

Na kwenye fomu hiyo hiyo kuna swali kama umewahi kunyimwa viza ya Marekani, na wanauliza kwa pasi ya sasa AU ya zamani. Wewe ulinyimwa pale Dar au Nairobi ukiwa kijana, baadaye ukapata uraia wa Ujerumani, unadhani yale yaliisha na pasi ile. Hayajaisha, kumbukumbu zako wanazo, jibu ndiyo. Kukataliwa ESTA maana yake unaomba viza ya kawaida, hujafungiwa maisha, ila ukikutwa umedanganya hapo ndipo panapokuwa pabaya.

"Ulaya imeshaanza kulipisha." Kilichoanza 12 Oktoba 2025 ni EES, ule mfumo wa kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole mpakani badala ya mhuri, hakuna kuaplai wala kulipa. ETIAS ni kitu kingine, sheria yake ilipita 2018 na imesogezwa mara kadhaa, ratiba waliyotangaza ni robo ya mwisho ya 2026, euro 20 kwa miaka mitatu, wa chini ya miaka 18 na wa zaidi ya 70 hawalipi ila fomu wanajaza. Tovuti inayokuuzia ETIAS kabla wenyewe hawajafungua ni ya matapeli. Na hata kwa vile vilivyokwisha kuanza angalia anwani kabla hujatoa kadi: ya Marekani inaishia na .gov, ya Uingereza gov.uk, ya Kanada canada.ca, ya Ulaya europa.eu. Hizo zinazokuja juu kabisa gugo ukisachi mara nyingi ni matangazo, unalipa mara mbili au tatu kwa fomu ile ile.

Na tusione haya mambo ni ya Wazungu tu, Kenya ilifuta viza Januari 2024 ikaweka eTA, dola 30, watu wakashangilia, kumbe hata waliokuwa wanaingia bure zamani kama Wasauzi wakatakiwa kujaza. Julai 2025 wakawaondolea Waafrika karibu wote isipokuwa Somalia na Libya. Kwa hiyo Mtanga mwenye pasi ya Tanzania anavuka Horohoro kwenda Mombasa bila kujaza chochote, ila binamu yake aliyekuja likizo na pasi ya Uingereza, hata kama Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha dereva wa basi, ajaze kwenye etakenya.go.ke siku tatu kabla, siyo wakiwa tayari kituoni.